Mteremko wangu wa majaribio hauporomoki, nakosea wapi?

Wadau, nimetengeneza kamteremko ka mchanga kwenye boksi la kioo, kimo nusu mita, nanyunyizia maji kama mvua. Juu kinapasuka ufa kidogo halafu basi, kimegoma.

— Ni saizi hiyo. Kadogo hivyo uzito wake kiduchu, unyevu peke yake unaushika mchanga usidondoke. Ndo maana maabara wanazungusha modeli kwa kasi kwenye sentrifuji, ukifika mara 50 ya mvutano wa dunia basi mita 1 inabeba mgandamizo kama wa mlima wa mita 50, na muda wa maji kupenya modeli nzima unakuwa mfupi mara 2,500 kuliko kwenye mlima wenyewe.

— Kama huna mashine, ingiza maji kwa nyuma, taratibu, presha ikipanda katikati ya chembe zinaachiana. Panga shanga za rangi ndani ya mchanga zikigusa kioo, upige picha kila dakika uone zinavyosogea. Kisha 1 gawa kwa kasi ya shanga, chora grafu yake dhidi ya muda, pale mstari utakapogusa sifuri ndo muda wa kuporomoka, mtafiti Mjapani Fukuzono alionyesha hiyo 1985.

— Aisee nimejaribu, kitako kimelainika kwanza kama uji, shanga za chini zikatambaa, ghafla juu kote kikashuka! Picha ya mwisho sikuwahi 😂