Mjadala: Kompyuta inafanya kazi, nani kasema imezeeka?

MwanaKisauni (mwenye mada):
Salaam aleikum wadau. Nina saiba ndogo hapa Kisauni, mashine sita. Zote ni mitumba, zile zilizotumika maofisini Ulaya, na mpaka leo hazijanikosea adabu. Watu wanachapisha, wanajaza fomu za kodi za KRA, wanaingia eCitizen ya huduma za serikali, vijana wanaandika barua za kuomba kazi. Sasa Windows 10 imeachwa mkono na Microsoft tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Inaendelea kuwaka kama kawaida, ila viraka vya usalama havitoki tena bila masharti. Nikajaribu kuzipandisha Windows 11. Mbili zikakubali. Nne nikaambiwa prosesa, ule ubongo wa mashine, haifai.

Hizo nne zina prosesa za Intel i5 za kizazi cha sita na cha saba. Kwa Intel mstari unaanzia kizazi cha nane, halafu wanataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM ya GB 4 na diski ya GB 64. Mashine yangu ina RAM GB 8, nimeitia SSD, ile diski ya kasi, inafungua Word kabla sijamaliza bismillahi. Uzee wake uko wapi? Nauliza: ni haki mtu wa mbali kuamua kwamba mali yangu imekwisha wakati wake? Na mngekuwa mie mngefanyaje? Msiniambie ninunue mpya isipokuwa mna hela ya kunipa.

Fundi wa Mwembe Tayari:
Yakhe, walia na dawa ipo? Kuna programu ya bure, Rufus. Unatengeneza nayo flashi ya Windows, inakuuliza kama wataka kuondoa lile sharti la TPM, unatia alama, basi. Nimewawekea watu mashine za kizazi cha nne na zinakwenda. Zinazogoma ni zile za kale kabisa: toleo la 24H2 la Windows 11 linataka amri fulani ndani ya prosesa, kwa hivyo Core 2 Duo haliwaki hata ulipigie dua. Hayo mengine ni biashara, watu wauze kompyuta.

Mhasibu wa Ganjoni:
Fundi, unampa mtu nusu ya habari. Mashine iliyopenyezwa mlango wa nyuma haina ahadi ya kupata apdeti, na hilo limesemwa wazi. Viraka vya kila mwezi mara nyingi vinafika, lakini toleo jipya la mwaka halijileti lenyewe, lazima mtu arudi na flashi yake. Umemwambia mteja hivyo, ama umechukua hela ukaaga?

Na wanaosema watabaki na Windows 10 hivi hivi, wakumbuke programu hasidi ya WannaCry, Mei 2017. Ilifunga faili za watu nchi nyingi ikadai kikomboleo, hospitali za Uingereza zikaahirisha wagonjwa. Kiraka kilikuwa kimetoka tangu Machi. Waliopuuza ndio walioumia.

Mtu wa Likoni:
Maalim, hoja yako inajipiga yenyewe. Mashine nyingi zilizoumia siku zile zilikuwa za Windows 7, na Windows 7 ilikuwa bado inahudumiwa, iliachwa Januari 2020. Kosa lilikuwa watu kutoweka kiraka. Hiyo ni sababu ya kusasisha, si sababu ya kununua laptopu nyingine. Tena nieleze kwa nini prosesa ya kizazi cha saba ni hatari na ya kizazi cha nane si hatari.

Mhasibu wa Ganjoni:
Huwezi kuweka kiraka ambacho hakikutengenezwa, ndiyo maana tuko hapa. Kuhusu mstari wa kizazi cha nane, hapo sina jibu. Nakubali.

Bi Mkubwa wa Tudor:
Wanangu, mie si fundi, ni mwalimu mstaafu. Laptopu yangu ilikuwa ya kukubalika, lakini mpwa wangu aliingia kwenye BIOS, mipangilio ya ndani ya mashine, akagusa Secure Boot, ule ulinzi wa wakati wa kuwasha, kabla hata hatujaanza. Kuwasha tena, skrini ya buluu: weka ufunguo wa tarakimu 48. Arubaini na nane! Nikamwuliza ufunguo gani, akanyamaza. Kumbe diski ilijifunga yenyewe kwa siri siku ile alipoiwasha mara ya kwanza, na ufunguo ukahifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft. Akaunti ya nani? Yake, kwa imeili aliyoifungua akiwa shule na nenosiri amelisahau. Siku mbili nimekaa na mitihani ya miaka kumi ndani ya sanduku lisilofunguka. Akaipata siku ya tatu, alhamdulillahi, sikumwambia mamake.

Windows 11 yenyewe baada ya hapo ilichukua saa moja na kidogo. Faili zote zilikuwapo. Kilichonikera ni kile kitufe cha kuanzia kuwekwa katikati, nikakirudisha kushoto.

Fundi wa Mwembe Tayari:
Pole, bi mkubwa. Hapo makosa ni ya sisi tunaoshika mashine za watu. Kabla ya kugusa BIOS, unazima ulinzi wa diski kwa muda ama unaandika ule ufunguo kwenye karatasi. Mie nilijifunza kwa njia kama yako, na mteja hakuwa mpwa.

Kijana wa Changamwe:
Nyinyi mnazungumza haki, mie nazungumza bando. Faili la kuweka Windows 11 ni zaidi ya GB 5. Nilishusha kwa simu usiku, asubuhi bando limekwisha na faili halijakamilika. Mara ya pili nikaenda kwa rafiki mwenye faiba, nikarudi na flashi. Nikaanza kwa kompyuta ya mezani isiyo na UPS ya kushikilia stima, na huku ni joto kali, kila nyumba imewasha feni. Imefika asilimia 64, stima ikapotea. Iliporudi nikadhani mashine nimeizika. Ikaandika kwamba inarudisha mabadiliko, ikajizungusha karibu saa mbili, ikafunguka Windows 10 ile ile na picha zangu zote. Nilipojaribu tena nilifanya saa tisa usiku. Ikafaulu. Wenye diski ndogo mjue: Windows ya zamani inabaki kwenye folda yake, inakula nafasi, na una siku 10 tu za kurudi nyuma ukijuta.

Dada wa Bamburi:
Mbona hakuna aliyetaja mwaka wa nyongeza? Mtu binafsi anaweza kupata viraka vya Windows 10 mpaka tarehe 13 Oktoba 2026. Analipa dola 30, takriban shilingi 3,900, ama anatumia pointi 1,000 za zawadi za Microsoft, ama anapata bure akikubali mipangilio ya mashine yake ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft. Watu wa Eneo la Uchumi la Ulaya wao waliondolewa sharti hilo la kuhifadhi. Mashine zilizotoka kwao zikiwa huku kwetu, sharti linarudi. Hapo ndipo haki inaponishinda.

Mhasibu wa Ganjoni:
Umesema kweli, lakini mwenye mada si mtu binafsi, ni biashara. Bei ya biashara ni dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, inazidishwa mara mbili kila mwaka, mwisho miaka mitatu. Mashine nne zake, mwaka wa kwanza tu, dola 244.

Na kuna jambo MwanaKisauni hukulitaja. Kompyuta ni yako, lakini nenosiri la KRA linalopigwa pale si lako. Mteja anakaa kitini akiamini. Ungekuwa unaandikia mashairi nyumbani kwako nisingekusumbua.

MwanaKisauni:
Umenigusa. Sikulifikiria upande huo, nilikuwa nahesabu mashine.

Mtu wa Likoni:
Tia Linux Mint hizo nne, ni mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Bure, nyepesi, na viraka inapata.

Fundi wa Mwembe Tayari:
Na fomu ya KRA ya Excel yenye makro, zile amri zinazojiendesha ndani ya faili, utaifungulia wapi? Mteja wa tarehe 30 Juni usiku, siku ya mwisho ya ritani za kodi, hana subira ya kufundishwa.

Mtu wa Likoni:
Zile mbili zilizokubali ni za nini?

MwanaKisauni:
Wadau, shukran. Jumamosi nimefanya hivi: mbili za Windows 11 nimeziweka karibu na kaunta, ni za KRA, eCitizen na chochote chenye nenosiri. Nne nimezitia Mint, za kuandika na kuchapisha. Ya Rufus sikuifanya, fundi usinikasirikie. Bado nasema ule mstari wa kizazi cha nane ni dhuluma, na sijabadili kauli.

Printa ya zamani imetambuliwa na Mint bila kuuliza, jambo ambalo Windows 11 ilinisumbua nalo asubuhi nzima. Tabu iliyobaki ni wateja. Leo mzee mmoja kakaa, katazama skrini, akaniuliza Word nimeiuza kwa nani.