Mrejesho: zile skonzi zangu za friza

Asanteni sana mlionijibu. Kwa ambao hawakuona, niliuliza kwa nini skonzi ninazooka Jumapili nikiziweka friza hutoka kavu, tena zina barafu juu.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nazifunga zikiwa bado za moto, ule mvuke ndio uliokuwa unageuka barafu ndani ya mfuko. Safari hii nimeziacha zipoe kabisa, kama saa mbili hivi, nikazifunga nnenne na kukamua hewa yote. Asubuhi natoa mfuko mmoja, nazinyunyizia maji kidogo, naziingiza kwenye oveni nyuzi 160 kwa dakika 10. Jamani, kama zimeokwa alfajiri! Mama mkwe kala tatu, hakushtuka.

Maikrowevu nayo nimejaribu. Ukila papo hapo sawa, ukichelewesha chai tu unatafuna mpira.

Na dada uliyesema nisiziweke friji ya kawaida, ulisema kweli: zilikakamaa haraka kuliko nilizoacha mezani.

Imebaki keki yenye aisingi. Hiyo bado sijathubutu.