Neno "Toa" limeniumbua kwenye aplikesheni ya kikoba, nyie mngeandikaje?

fundi_wa_menyu: Wakuu habari za jioni. Nimetengeneza aplikesheni ya kikoba cha bi mkubwa na wenzake, wako kama 30 hivi. Nikasema nisiwachanganye, niige menyu za hela za simu kwa sababu zile kila mtu anazijua, nikaweka Weka, Toa, Salio, vitufe rangi moja na mahali palepale kila ukurasa. Ile kanuni ya Jakob Nielsen, yule mtaalamu wa kufanya programu ziwe rahisi kutumia, ya tangu 1994 kwamba maneno na vitufe viwe na maana ileile kila mahali nikaona nimeifuata mpaka basi. Jumamosi kwenye kikao nikawapa simu. Mama wa kwanza kaja na hela ya hisa tano, kabonyeza Toa. Wa pili naye Toa. Mfuko ukasoma hela zinatoka wakati mezani zinaongezeka. Namuuliza mama mbona Toa, akaniangalia weee, "si ndo natoa hela mwanangu, we ulitaka nifanyeje?" Kumbe kwa wakala ukitoa hela inakuja mkononi kwako, kikobani ukitoa inaondoka mkononi kwako!! Sasa nibadilishe neno au niwaelekeze tu watazoea?

bintiwahisa: Usimfundishe mtu mzima Kiswahili chake kaka. Mi ni katibu wa kikundi, kikaoni hakuna anayesema weka wala toa, tunasema kununua hisa, kuchukua mkopo, kurejesha, kulipa faini, mfuko wa jamii. Andika hivyohivyo. Kufanana na menyu ya simu kubaki kwenye mpangilio, maneno yawe ya kikundi

wakala_mstaafu: Mi napingana kidogo. M-Pesa imeanza Kenya 2007, huku kwetu 2008, watu wameshabonyeza Toa Pesa kwenye nyota na reli miaka yote hiyo na hawakosei. Hawakosei kwa sababu simu ni yake na hela ni yake, upande ni mmoja. Kikoba kina pande mbili, hela ileile kwa mwanachama inatoka kwa mweka hazina inaingia, kwa hiyo hata hiyo "Nunua hisa" ya dada hapo juu akishika simu mweka hazina haimkai, yeye hanunui anapokea. Kwanza tuambie simu anashika nani?

fundi_wa_menyu: Duh. Anashika mweka hazina, ila Jumamosi nilizungusha kwa kila mtu. Hilo sikuliwaza kabisa.

rangi_mbili: Basi tengeneza kurasa mbili, ya mweka hazina Pokea hisa, ya mwanachama Nunua hisa, rekodi nyuma iwe moja. Halafu angalia na "Futa", mi iliwahi kunitokea puani, ukurasa mmoja ilikuwa inafuta namba uliyokosea, ukurasa mwingine inafuta mwanachama mzima na hisa zake, neno lilelile kitufe kilekile, mzee wa watu kakosea tarakimu moja, kubonyeza Futa kamfuta jirani yake mzima. Nikatenganisha, "Sahihisha" kwa namba na "Mwondoe mwanachama" kwa mtu, tena inauliza mara mbili. Na usitegemee kijani iliyoingia nyekundu iliyotoka peke yake, sie wengine hizo rangi zinatufanania, weka na neno.

bintiwahisa: @wakala_mstaafu hapo umenipata, kweli mweka hazina wetu husema "nimepokea"

fundi_wa_menyu: Nimerudi wakuu. Safari hii sikubeba simu, nimeandika maneno kwenye karatasi nikamwachia mweka hazina apange mwenyewe. Pokea hisa imepita, Pokea faini imepita. Kwenye mkopo niliandika "Kopa" akaikata akaandika "Kopesha", ndo yaleyale ya pande mbili. Ile alama ya diski ya kuhifadhi wameniuliza tv inafanya nini pale, naitoa.

wakala_mstaafu: Unaitoa kwa maana ipi 😂

fundi_wa_menyu: NAIONDOA mzee