Aisii ya chaji haitoki kwenye bodi

Mafundi habari zenu, nina bodi ya simu, aisii ya chaji (kile kichipu cha kuchajisha) imekufa, naipiga bloa ya hewa ya moto haitoki na naogopa kulazimisha pedi (vile vibati vya shaba kwenye bodi inapoungwa) zisije zikang'oka, mnafanyaje?

— Usiivute kaka! Lehemu ya kiwandani siku hizi haina madini ya risasi, inayeyuka kwenye nyuzi joto 217 hivi wakati ile ya 63/37 (bati 63, risasi 37) ni 183, alafu shaba ya graundi (ile pana ya ndani ya bodi) inanyonya moto wote. Pasha bodi kwa chini, mwaga flaksi (dawa ya kusaidia lehemu itiririke), ukiigusa na kibano ikacheza yenyewe ndo unainua.

— Na kama ina gundi pembeni ikwangue kwanza taratibu, hiyo ndo inang'oaga pedi.

— Hata iking'oka inatengenezeka, kwangua njia (ule mstari wa shaba kwenye bodi) mpaka shaba ing'ae, unga waya mwembamba wa enameli (uliopakwa ganda la kuzuia umeme) chini ya darubini, funika na gundi ya UV (inayokaushwa na taa ya UV). Inataka subira ila inadumu.