Maji ya bahari ni kampaundi au mchanganyiko?

dogo_wa_bagamoyo: Shikamooni wakubwa, niko kidato cha pili, tumebishana darasani, jamaa yangu anasema maji ya bahari ni kampaundi (elementi zilizoungana kikemia) kisa yana H2O (maji) na NaCl (chumvi) humo humo, mi nasema mchanganyiko (vitu vimechanganyika tu bila kuungana), nani yuko sahihi?

mvuna_chumvi: Marahaba dogo, wewe uko sahihi. Pita kwenye mashamba ya chumvi huku kwetu Bagamoyo uone, jua linakausha maji chumvi inabaki, hakuna kilichovunjwa. Ila hiyo NaCl yenyewe ndo kampaundi, jua haliwezi kuivunja, mpaka uiyeyushe kwa nyuzi 801 halafu upitishe umeme ndo upate sodiamu na klorini, sodiamu ikigusa maji inawaka, klorini ni gesi ya sumu, zikiungana tunatia kwenye mchuzi wa pweza 😂

ticha_mstaafu: Naongezea, lita moja ya bahari ina kama gramu 35 za chumvi ila sio NaCl tupu. Maji yakikauka, jasi (madini ya kalsiamu) inatangulia kuganda kabla ya NaCl, na yale maji machungu ya mwisho yana magnesiamu, hayo humwagwa.

dogo_wa_bagamoyo: Asanteni sana. Na kutu je?

mvuna_chumvi: Kampaundi hiyo, chuma na oksijeni na maji, majembe yetu yanaisha hivyo hivyo