Mchomeleaji na shughuli za jioni: mbona mwili unagoma baada ya kazi, si wakati wa kazi?

Swali

Ndugu wachomeleaji, pamoja na wake na waume zao mliomo humu, naomba ushauri. Ninafanya kazi katika karakana ya mageti, madirisha na fremu za chuma. Asubuhi tunapima, tunakata na kusaga kwa grainda, kisha tunashikiza vipande kwa nukta ndogo ndogo za kuchomelea ili fremu isipinde, na baada ya hapo ni kuchomelea hadi karibu na kufunga. Mke wangu naye hutoka kazini saa zile zile, kwa hiyo jioni ndiyo nafasi yetu ya kwenda pamoja kununua mahitaji ya nyumbani, kulipa bili na kufuatilia mambo ya watoto.

Tatizo langu ni kwamba natoka karakana nikiwa mzima kabisa, lakini tukifika kwenye foleni ya malipo macho huanza kuwasha kana kwamba yametiwa mchanga, na taa za magari hunichoma hata nikashindwa kutazama mbele. Mke wangu hunilaumu kwamba nampigia kelele mbele za watu, ilhali mimi najisikia nazungumza kwa sauti ya kawaida. Siku tulizochomelea mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki hali huwa mbaya zaidi, kwa maana napata baridi, kiu na ladha ya chuma mdomoni. Wenzangu kazini wananiambia ninywe maziwa tu. Mke wangu amependekeza shughuli zote zihamie mwisho wa juma. Je, ninyi mnapangaje?

Jibu la muuguzi wa macho

Ndugu, unachokieleza kuhusu macho hakitoki kwenye foleni ya jioni, bali kimeanza asubuhi. Mwanga wa kuchomelea una mionzi ya urujuanimno ambayo huunguza konea, yaani utando wa mbele wa jicho, na maumivu ya kuungua huko kwa kawaida huchelewa kwa muda wa saa 6 hadi 12. Hesabu mwenyewe: aliyepigwa na mwanga saa nne asubuhi ataanza kuumwa kati ya saa kumi jioni na saa nne usiku, yaani wakati uleule mnapokuwa barabarani. Ndiyo maana mtu humaliza kazi bila dalili yoyote, akadhani kilichomdhuru ni vumbi la njiani.

Mara nyingi jicho hupona lenyewe ndani ya siku moja au mbili. Usilifikiche; funika macho kwa kitambaa safi chenye maji baridi, kaa penye mwanga hafifu, na ukiwa unavaa lenzi za machoni zivue. Matone ya ganzi usiyanunue ukawa unajitilia nyumbani, kwa sababu yanaondoa maumivu huku yakichelewesha konea kupona. Lakini likiuma jicho moja tu, hasa baada ya kusaga, shuku kwamba kuna chembe ya chuma ndani, nenda ukachunguzwe mapema, kwani chembe ya chuma huacha kutu kwenye konea. Kuhusu gari, macho yakiwa katika hali hiyo usiendeshe hata kama safari ni fupi.

Jibu la fundi wa siku nyingi

Nakubaliana na muuguzi, nami niongeze la zinki, maana hapo ndipo vijana wengi wanapojiumiza bure. Zinki huchemka kwenye nyuzijoto 907 za Selsiasi, ilhali chuma huyeyuka karibu na 1,500, kwa hiyo kabla chuma hakijayeyuka zinki imekwisha kugeuka mvuke, na mvuke huo ukikutana na hewa unakuwa ule moshi mweupe unaouvuta. Homa yake huanza saa kadhaa baadaye, kwa kawaida jioni, na huisha kwa siku moja au mbili. Maziwa hayaizuii wala hayaitibu. Kinachosaidia ni kusaga tabaka la zinki kwa sentimita kadhaa pande zote mbili za kiungo huku umevaa barakoa ya kuchuja vumbi, kufanya kazi penye hewa inayopita, kusimama moshi usipokupitia usoni, na kuvaa barakoa ya kuchuja moshi wa metali panapokosa hewa. Ukianza kubanwa kifua au kupumua kwa shida, hilo si la kusubiri kesho.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba mwili huizoea homa hiyo katikati ya juma na kupoteza mazoea hayo ukipumzika, ndiyo maana humpiga mtu vibaya zaidi Jumatatu. Kama mnaweza kuchagua, kazi ya zinki isiangukie siku hiyo, au shughuli nzito za jioni ziondolewe hapo.

Kuhusu sauti yako, ni grainda. Kelele yake hufika desibeli 100 bila shida, na kwa kiwango hicho robo saa bila vizibo vya masikio inatosha kuwa dozi ya kelele ya siku nzima. Masikio yakishatiwa ganzi na kelele, unapaza sauti bila kujijua. Mkeo yuko sahihi.

Jibu la mke wa mchomeleaji

Shemeji, msihamishie kila kitu mwisho wa juma. Sisi tulijaribu, zikawa siku mbili za kukimbizana, na ule muda wetu wa kuzungumza njiani ukapotea. Tulichofanya ni kupanga jioni kulingana na kazi yake ya mchana. Akiwa amepima na kukata tu, twende tukaonane na mwalimu au kujadili mambo yanayohitaji utulivu. Akiwa amechomelea kutwa, naendesha mimi, na tunafanya yale ya kuingia na kutoka.

Kabla ya hayo yote aoge na kubadili nguo palepale karakana. Mikunjo ya suruali hubeba chembe za chuma, nazo huishia kwenye viti vya gari na kwenye mapaja ya watoto. Nywele na nyusi zioshwe akiwa ameinamisha kichwa na kufumba macho, kwani vumbi la grainda hujificha humo na kuangukia jichoni usiku anapolala. Nguo za kazi nazifua peke yake.

Muulizaji

Nashukuruni sana. Limebaki moja: kofia yangu ya kuchomelea ni ile ambayo kioo chake hujifanya giza chenyewe mwanga unapowaka. Je, yawezekana inachelewa ndiyo maana naungua?

Jibu la fundi wa siku nyingi

Kama kioo ni halisi na hakijapasuka, hapana, kwa sababu kinazuia mionzi hiyo wakati wote, hata kabla hakijawa cheusi. Angalia kwanza kama unashikiza nukta ukiwa umeinua kofia na kufumba macho tu, tabia ambayo karibu kila karakana inayo. Kisha tazama nyuma yako: mwenzako akichomelea bila pazia, mwanga wake hugonga kuta nyeupe na kukuingia kwa ndani ya kofia, ukirudi kwenye upande wa ndani wa kioo chako. Wekeni pazia kati ya meza, na chini ya kofia vaa miwani ya usalama yenye ngao za pembeni muda wote uwapo karakana.