Mbwa mwitu wa bonde la Lamar: gumzo la kikundi cha ukoo

Zuhura: Assalaam alaykum nyote, na shikamooni wakubwa zangu. Najua huko nyumbani ndiyo kwanza kunakucha, lakini huku Gardiner, kwenye lango la kaskazini la Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone nchini Marekani, ni saa tatu usiku na nimetoka porini sasa hivi. Babu aliniagiza nieleze kwa maandishi na si kwa sauti, ili asome kwa nafasi yake, kwa hiyo mnivumilie nikiandika kwa kirefu. Tumewaona mbwa mwitu wa huku, wale waitwao wolf kwa Kiingereza, wakubwa saba na watoto wanne.

Babu Athumani: Marahaba, mjukuu wangu. Miwani nimevaa na chai iko mezani. Anza na mahali mlipokaa, umbali wenu na tundu, na upepo ulikotoka, ndipo uje kwa wanyama wenyewe.

Zuhura: Sawa, Babu. Tuliondoka saa kumi na nusu alfajiri kwa barabara ya kaskazini, ambayo ndiyo pekee ndani ya hifadhi inayobaki wazi kwa magari mwaka mzima. Huku ni majira ya machipuko, lakini katikati ya Mei si joto hata kidogo: theluji bado imekalia vilele, maji niliyoyaacha garini yaliganda ndani ya chupa, na Mto Lamar umefurika maji ya kahawia ya theluji inayoyeyuka. Tulisimama karibu na kijito kiitwacho Slough Creek, tukapanda kilima kifupi ambako watazamaji waliotutangulia walikuwa wamekwisha kusimika darubini zao za miguu mitatu. Tundu liko kwenye mteremko wa ng'ambo, chini ya miti, zaidi ya kilomita moja na nusu kutoka tulipokaa, na eneo linalolizunguka hufungwa kwa watu msimu wa kulea watoto. Upepo ulitoka magharibi ukitupiga usoni, kwa hiyo harufu yetu haikuwafikia.

Mama Zuhura: Mwanangu, kilomita moja na nusu mimi naona ni karibu mno kwa wanyama wa aina hiyo.

Yusufu: Mama, kwa umbali huo hata mbuzi wa Shangazi ungeshindwa kumtofautisha na jiwe.

Zuhura: Mama, ondoa hofu. Sheria ya hifadhi inamtaka mtu akae angalau mita 91 kutoka kwa mbwa mwitu na dubu, na mita 23 kutoka kwa wanyama wengine wakubwa, na tangu hifadhi ianzishwe hakuna mtu aliyewahi kushambuliwa na mbwa mwitu humo ndani. Anayejeruhi watu wengi kuliko mnyama mwingine yeyote ni nyati wa Marekani, kwa sababu wageni humwona mpole wakamsogelea wapige naye picha.

Sasa niwaeleze nilichokiona kwenye darubini, ambayo mzee mmoja wa pale aliniachia bila hata kuniuliza jina. Jike mweusi alikuwa amelala mbele ya tundu, kidevu juu ya miguu, na nywele za mdomoni mwake zimeanza kuwa za kijivu kwa umri. Watoto huzaliwa katikati ya Aprili wakiwa vipofu na viziwi, kwa hiyo hawa walikuwa na takriban mwezi mmoja, matumbo yakigusa majani, na mmoja wao alikuwa akimvuta mama mkia kwa bidii ya ajabu hadi alipojiangusha chali. Baadaye dume kijana wa kijivu alipanda mteremko taratibu, tumbo limemjaa, na kabla hajafika wale watoto wakamwendea mbio wakaanza kumlamba na kumgonga midomoni kwa pua zao. Akainamisha kichwa, akatapika nyama, nao wakaila yote pale pale huku yeye akisimama pembeni akitazama upande wa mto.

Babu Athumani: Hivyo ndivyo wanavyofanya mbwa mwitu wetu wenye mabaka kule Mikumi, na kwao pia anayelisha watoto si lazima awe baba wala mama. Je, wana kola za redio, zile za shingoni za kuwafuatilia? Na kundi lenyewe linajulikana?

Zuhura: Linajulikana, Babu. Wazoefu walisema ni kundi la Junction Butte, ambalo limeonekana sana upande huu wa kaskazini kwa zaidi ya miaka kumi. Wachache wana kola, na kila aliyevishwa kola hupewa namba yenye herufi M akiwa dume au F akiwa jike. Karibu nusu ya mbwa mwitu wa hifadhi hii ni weusi na nusu ni wa kijivu, kwa hiyo hata mgeni kama mimi niliweza kuwafuatilia wawili watatu bila kuwachanganya. Katika miaka ya karibuni, hesabu ya hifadhi nzima imekuwa ikipanda na kushuka karibu na 100, ingawa mwaka 2003 walifika 174.

Shangazi Mwajuma: Nimeamkia zizini na sasa ndiyo nasoma. Zuhura, nafurahi umefurahi, lakini nauliza swali la mfugaji: hao waliletwa, au wamekuwepo siku zote? Maana nilisikia Wamarekani waliwamaliza wote.

Zuhura: Shikamoo, Shangazi. Ulisikia kweli, na mimi naona hapo ndipo penye kiini cha safari yangu yote. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1872, ikiwa ya kwanza ya aina yake duniani, lakini kwa miongo iliyofuata serikali yenyewe iliwaua mbwa mwitu kwa risasi, mitego na sumu, na kufikia 1926 askari wa hifadhi walikuwa wameua wa mwisho waliojulikana ndani ya mipaka. Wale niliowatazama leo wanatokana hasa na 31 waliokamatwa Kanada, 14 walioletwa mwaka 1995 kutoka Alberta na 17 walioletwa mwaka 1996 kutoka British Columbia. Wale wa kwanza waliwekwa katika maboma matatu ya wavu wa chuma humu humu bondeni na kando yake kwa takriban wiki kumi, wakilishwa mizoga ya elki, yaani wale kulungu wakubwa wa huku, ili wasahau njia ya kurudi Kanada. Jambo lililonivutia zaidi ni kwamba milango ilipofunguliwa mwezi Machi, wengi wao walikataa kutoka. Mlango ndio uliokuwa njia ya binadamu, nao hawakutaka kuukaribia, hata wataalamu wakalazimika kukata tundu kwenye wavu upande mwingine.

Babu Athumani: Hapo nakuelewa kabisa. Mbwa mwitu wetu walitoweka ndani ya Hifadhi ya Serengeti mwaka 1991, na waliporejeshwa kuanzia 2012 kutoka upande wa Loliondo, nao waliwekwa kwanza katika boma kabla ya kuachiwa. Watu hudhani kurudisha mnyama ni kumfungulia kizimba tu akaenda zake, kumbe kazi kubwa iko katika zile wiki za kumzuia, na katika majirani watakaompokea nje ya mpaka.

Shangazi Mwajuma: Hao majirani ndio mimi, Mzee wangu. Fisi alipoingia zizini kwangu Handeni, hakuna aliyekuja na darubini kunitazama.

Yusufu: Shangazi kasema kweli, na tusilicheke hilo.

Zuhura: Silicheki, Yusufu, na pale kilimani halikuchekwa pia. Mmoja wa watazamaji anafuga ng'ombe kaskazini mwa hifadhi, anakuja kuwatazama mbwa mwitu na bado anawalaumu, na sikuona kama mambo hayo mawili yanapingana. Jimbo la Montana lina bodi inayowalipa wafugaji mifugo iliyothibitishwa kuuawa na mbwa mwitu, lakini alisema kuthibitisha ndiko kugumu, kwa sababu mzoga ukikaa siku mbili porini haujulikani tena ni wa nani. Wanyama nao hawajui mpaka uko wapi. Jike maarufu kuliko wote, 832F, aliyekuwa akionekana na maelfu ya watu katika bonde hili, alipigwa risasi kihalali nje ya hifadhi, jimboni Wyoming, mwezi Desemba 2012, na msimu wa baridi wa 2021 hadi 2022 waliuawa 25 wa makundi ya hifadhi kwa njia hiyo hiyo.

Babu Athumani: Kwetu kuna kifuta jasho na kifuta machozi, ambavyo ni pole ya serikali na wala si fidia ya thamani kamili, na hivyo navyo huchelewa. Nimekaa kwenye vikao vingi vya vijiji kuhusu jambo hilo, Mwajuma, na sikumbuki kikao hata kimoja kilichomalizika watu wakiwa wameridhika. Zuhura, endelea na mchana.

Zuhura: Mchana wanyama wengi hulala, kwa hiyo tulitembea na gari polepole bondeni. Nyati walikuwa kila mahali na ndama wao wenye rangi ya udongo mwekundu wa Lushoto, tofauti kabisa na mama zao weusi, na kundi moja liliishika barabara likatembea mbele ya magari bila haraka yoyote. Karibu na daraja tulimwona dubu wa kahawia akichimba mizizi kwa makucha huku watoto wake wawili wakipigana mieleka nyuma yake. Korongo walikuwa majini, na swala wa huku, anayeweza kukimbia kilomita zaidi ya 80 kwa saa, alipita kufumba na kufumbua.

Jioni ndiyo ilikuwa kilele. Mbwa mwitu watatu walishuka kutoka upande wa tundu wakalielekea kundi la nyati lenye ndama, na hapo hapo kunguru wakubwa wakaanza kuwafuata angani, maana wao huishi kwa kutegemea mabaki. Nyati hawakukimbia. Majike yaligeuka yakaweka ndama nyuma yao, na jike moja likatoka mbele likatikisa kichwa na kuwafukuza wale watatu umbali wa hatua kadhaa. Wakazunguka, wakakaa chini, wakajaribu upande mwingine, na baada ya karibu nusu saa wakaondoka kwa mwendo wa kawaida, kwa kuwa kwao kushindwa ni jambo la kila siku kuliko kushinda. Mgeni mmoja alilalamika kwamba hakuona mawindo, lakini mimi niliona kwamba jike lile lilikuwa limetuonyesha jambo kubwa kuliko mzoga.

Yusufu: Niliwahi kuona video mtandaoni ikisema kwamba mbwa mwitu waliporudi Yellowstone walipunguza elki, miti ikaota, na hata mito ikabadili mkondo. Ni kweli?

Zuhura: Ni kweli nusu, na ile nusu nyingine imetiwa chumvi. Elki wa kundi la kaskazini walihesabiwa karibu 19,000 mwaka 1994 na chini ya 4,000 mwaka 2013, lakini mbwa mwitu hawakufanya hivyo peke yao: dubu waliongezeka, simba wa milimani nao waliongezeka, wawindaji waliwaua wengi nje ya mpaka, na ukame ulichangia. Kuna mahali mierebi imeota vizuri kando ya vijito, na kuna mahali haikuota. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado State waliofuatilia jambo hilo kwa miaka 20 waliona kwamba mahali ambapo vijito vilikwisha kuchimba na kushuka chini baada ya biva, wale wajenzi wa mabwawa, kutoweka, kurudi kwa mnyama mla nyama peke yake hakukutosha kuirudisha mierebi. Mimi simhitaji mbwa mwitu awe fundi wa mito ndipo nimpe thamani.

Mama Zuhura: Na wale watoto wanne, wote watakua?

Zuhura: Mara nyingi si wote, Mama. Wastani wa maisha ya mbwa mwitu huku ni miaka minne hadi mitano, na wengi huuawa na mbwa mwitu wa makundi jirani. Kwa watoto, hatari kubwa mojawapo ni maradhi: virusi vya distempa viliwaua wengi katika miaka ya 1999, 2005 na 2008.

Babu Athumani: Distempa hiyo hiyo ndiyo iliyoua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti mwaka 1994, na tangu wakati huo chanjo ya mbwa wa vijijini imekuwa sehemu ya kazi ya uhifadhi. Mwajuma, mbwa wako wanaolinda mbuzi wamechanjwa?

Shangazi Mwajuma: Wamechanjwa kichaa cha mbwa mwaka jana, Mzee, wakati wa kampeni ya wilaya. Nilidhani hiyo inatosha kwa yote.

Babu Athumani: Haitoshi, dada yangu. Distempa ina chanjo yake peke yake, na watoto wa mbwa huhitaji kurudiwa dozi. Muulize daktari wa mifugo kama anayo, na kama hanayo, akuambie itapatikana wapi hapo Tanga.

Shangazi Mwajuma: Nina watoto wa mbwa watano waliozaliwa mwezi uliopita. Nitampigia ofisi zikifunguliwa saa mbili, kisha nitawaandikia bei yake hapa.